Mtandao Uliokufa Kila Barabara Ilipofungwa

Ukiingia chumba cha mtandao, usiguse kitu. Tazama taa kwanza. Fundi anayekimbilia kuchomoa waya ni sawa na mganga anayechanja kabla hajauliza mgonjwa anaumwa wapi. Taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ikiwa na afya hupepesa kila moja kwa mwendo wake: hii inanyamaza, ile inaitika. Ukiziona zote zinapepesa pamoja, haraka, bila kupumua, ujue kuna jambo. Jambo hilo nitawaeleza, kwa sababu lilinikalia kooni muda mrefu kule Koboko, na nusura lifunge ofisi yetu.

Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii hapa Arua mnaniita Mama Mtandao. Sikatai jina. Lakini mimi sikuanza na mtandao. Nilianza kwa kulamba waya.

Tuliporudi kutoka Zaire nilikuja Arua kutafuta kazi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na nyumbani walikuwapo wadogo zangu watatu ambao baba yao na mama yao nilikuwa mimi. Nikasikia kuna mzee anatafuta mtu wa kuvuta waya za simu. Alikuwa Mzee Drani, Mlugbara wa Adumi, fundi wa simu wa zamani, mfupi, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Vita viliacha mji na nguzo zisizo na waya, na mahali pengine waya zisizo na nguzo. Kazi ilikuwa nyingi. Alinitazama toka miguuni hadi kichwani.

"Wewe mwanamke. Nguzo unaweza kupanda?"

"Mzee, nyumba ya nyasi naezeka mwenyewe kila mwaka. Nguzo iko na shida gani?"

"Paa hairushi mutu."

"Na nguzo inarusha?"

"Nguzo, hapana. Simu ikilia, ndiyo."

Sikuelewa. Akanionyesha jinsi ya kujua kama waya una uhai: unaweka ncha mbili juu ya ulimi. Waya mfu hauna ladha. Waya hai unachachua kama ukwaju. "Ulimi iko mita ya maskini," alisema. Nikafurahi na elimu yangu mpya. Wiki hiyohiyo nikiwa juu ya nguzo, ncha zikiwa ulimini, mtu mmoja ofisini akazungusha mkono wa simu kumpigia mwenzake. Umeme wa kulia kwa kengele si ule wa ukwaju. Nilishuka bila kukanyaga popote. Nikakaa chini kwenye vumbi, siwezi kutaja hata jina langu, na Mzee Drani anacheka mpaka kofia ya sufu ikaanguka.

"Sasa umejua," aliniambia alipoweza kusema. "Kila waya iko na mutu upande wa pili. Usishike waya kama iko yako peke yako."

Msilambe waya. Siku hizi mna mita. Lakini maneno yale ya Mzee Drani yatunzeni, maana swichi za bei kubwa hazijayapinga.

Jambo la pili alilonifundisha ni uzi. Alinunua sokoni nyuzi za sufu za rangi, na kila waya ulifungwa uzi wa rangi moja huku na kule, ncha zote mbili, siku ileile unapovutwa. Hakusema kesho. "Kesho utakuwa umesahau, na kesho kutwa utakuwa umekufa," alisema, "na mutu atabaki analaani mama yako." Hata nilipokuja kuvuta kebo za kompyuta nilifunga uzi. Wenzangu walicheka. Kisha walipotafuta kebo moja kati ya arobaini darini, gizani, katikati ya mavi ya popo, waliacha kucheka.

Kompyuta zilifika Arua zikiwa wageni wa mashirika. Shirika lililoniajiri lilikuwa la misaada kwa wakimbizi, na mimi nilikuwa fundi wao wa simu na antena za redio. Mtandao wa kwanza niliouona ulikuwa kebo moja nene kiasi inayopita kwa kila kompyuta, na mwisho wake, huku na kule, kulikuwa na kikofia cha chuma. Kikofia kile hakiunganishi kitu chochote kwa macho. Kazi yake ni kuumeza ujumbe unapofika mwisho ili usirudi kama mwangwi. Asubuhi moja ofisi nzima ilikufa. Tulihangaika mpaka nikapita nje, nikaona dereva wetu anazungusha funguo za gari kidoleni, na kwenye funguo kuna kitu kinang'aa. "Iko zuri, eh?" akaniambia. "Ilikuwa imekaa tu pale mwisho, haifanyi kazi."

Baadaye zikaja habu, halafu swichi, na hapo ndipo kazi yangu halisi ilipoanza. Habu ni mpiga mbiu sokoni. Ukimpa salamu za mtu mmoja, anazipaza kwa soko zima, na wawili wakimpa mara moja, anachanganya. Swichi ni mama wa kibanda cha chai anayejua kila mteja anakaa wapi. Siku ya kwanza hajui mtu, kwa hiyo anaita kwa sauti: "Chai ya maziwa ya nani?" Anayeitika anakumbukwa. Tangu hapo chai inakwenda mezani kwake moja kwa moja. Kumbukeni tu kwamba bado ana siku za kuita kwa sauti. Ujumbe mwingine umeandikwa kwa wote, na huo swichi huupeleka kila tundu. Shikeni hilo, linakuja.

Aliyenifundisha swichi ni Mhandisi Owori, mtu wa Tororo, aliyeletwa na shirika kusimamia mitandao yetu yote akiwa Arua. Alijua mambo na hakuwa mchoyo. Alinionyesha kuigawa swichi moja kama nyumba yenye vyumba, ili chumba cha redio kisisikie kelele za stoo. Alinionyesha pia kosa moja ambalo hadi leo nawakuta nalo: upande mmoja umewekwa useme na kusikia kwa pamoja kama simu, upande wa pili unangoja zamu kama redio. Mtandao wa hivyo haufi. Unakokota mguu, nanyi mnailaumu kompyuta. Wekeni pande zote mbili sawa.

Sasa Koboko.

Ofisi yetu ya Koboko ilikuwa majengo mawili ya mabati yanayotazamana: ofisi ya kuandikisha watu upande wa barabara, na stoo upande wa nyuma, penye mashamba ya mihogo. Kila jengo lilikuwa na swichi yake. Katikati nilivuta kebo moja juu ya nguzo, urefu wake haufiki mita mia, kwa sababu kebo ile ikivuka hapo huanza kusahau ilichotumwa. Watu walikuwa wanavuka kutoka Sudan kwa miguu, wengine na watoto, wengine na sufuria kichwani tu. Mtu akifika, aliandikishwa ofisini, jina lake likasafiri kwa ile kebo hadi kompyuta ya stoo, naye akavuka uwanja kupewa turubai, unga na maharage. Mtandao ukifa, jina linabaki ofisini, chakula kinabaki stoo, na mtu anabaki katikati, juani.

Na mtandao ulikuwa unakufa. Siku nyingine asubuhi, siku nyingine mchana, ghafla, taa zote zinapepesa kama zina homa. Nilitumwa kutoka Arua nikae kule mpaka utulie. Nilifurahi kwa siri, kwa kuwa Koboko ndiko kwetu.

Nilibana upya vichwa vya kebo. Nilibadilisha swichi. Nilifukuza siafu waliojenga ndani ya sanduku la umeme, wakanilipa mapajani. Niliishtaki jenereta. Hakuna. Nikamwita Mhandisi Owori aje mwenyewe, akaja na msafara wa magari, akakuta mtandao unakimbia kama swala.

"Mgonjwa wako amemwona daktari akapona," aliniambia, akila kuku wetu.

Alipoondoka, siku chache baadaye, ukafa tena. Akaja tena, ukapona tena. Mara ya tatu hakula kuku, alinitazama tu.

Ndipo Mkurugenzi wa shirika, mtu wa mbali sana ambaye hatukuwahi kulimudu jina lake, akasema kwamba uandikishaji uhamie Arua. Kule mtandao haufi. Alisema atakuja Koboko mwenyewe mwisho wa mwezi, na akikuta mambo ni yaleyale, ofisi inafungwa.

Ninyi leo mnakwenda Koboko kwa lami na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani. Wakati ule waasi walikuwa wanatokea vichakani. Magari yalikwenda kwa msafara wenye askari, na siku nyingine hayakwenda kabisa. Kuhamishia uandikishaji Arua kulikuwa ni kumwambia mama aliyetoka Yei, kule Sudan, kwa miguu kwamba hajafika bado. Apite barabara ile kwanza. Mimi nimewahi kutembea barabarani na watoto wasio na mama. Sikutaka swichi yangu iwarudishe watu huko.

Mlinzi wetu wa getini alikuwa na maelezo yake. "Sister Khemisa, hii mashine inaogopa. Hata mbuzi yangu, ikisikia barabara iko mbaya, haili."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilianza kukumbuka. Ilipokufa juzi, barabara ilikuwa imefungwa. Wiki iliyopita, vilevile. Na Mhandisi Owori, ambaye hawezi kufika ila barabara ikiwa wazi, hakuwahi kuukuta umekufa. Mbuzi wa mlinzi alikuwa na haki. Lakini swichi haina masikio. Nani anaiambia?

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba msafara hautoki Arua. Nikakaa mbele ya swichi, nikatazama. Chai yangu haijapoa, taa zikaanza ile ngoma yao. Uwanjani foleni ikasimama. Nikakimbilia redio.

"Arua, Arua, hapa Koboko. Ova."

"Koboko, sema. Mgonjwa ameanguka tena? Ova."

"Ameanguka. Taa zinacheza zote pamoja, kama harusi. Ova."

"Zote? Za ofisi na za stoo? Ova."

"Zote. Ova."

Redio ikakwaruza. "Khemisa, huo ni mduara. Kuna njia mbili kati ya swichi zako. Ujumbe wa watu wote unatoka kwa hii, unarudi kwa ile, unatoka tena. Hauchoki, hauzeeki, unazaana tu. Kebo ziko ngapi? Ova."

"Moja. Niliivuta mimi. Ova."

"Uliza watu. Ova."

Mtunza stoo alikuwa Sebit, mtoto wa askari kama mimi, wa Abuku, mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Nilikuwa nimemfundisha kubana vichwa vya kebo na kufunga uzi, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Sebit, kebo ya ofisi na stoo iko ngapi?"

"Moja, Sister. Si ulivuta mwenyewe?"

Nikamuuliza mlinzi. Moja. Nikamuuliza mama anayetupikia. "Mimi naona moja," akasema, na akaendelea kuchambua mboga kwa bidii ambayo mboga zile hazikuihitaji.

Nikasimama mlangoni pa stoo. Nilimwona mlinzi amefunga kamba za viatu vyake mara mbili. Begi dogo la yule mama lilikuwa limekwisha kutoka ndani, liko nyuma ya jiko. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Barabara ikifungwa, kila mtu wa Koboko hufanya jambo dogo kama hilo, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeliacha dirisha la nyuma la chumba changu bila komeo, bila hata kufikiri.

Mwaka wa sabini na tisa, baba alipokuwa hajarudi kutoka vitani, mama alikata njia katikati ya mihogo nyuma ya jiko letu. Hakumwambia jirani. Hakumwambia hata shangazi. Mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa mkubwa, nikamuuliza inakwenda wapi. "Njia ya nyuma haiulizwi," alisema. Siku watu wenye bunduki waliposimama kwenye njia ya mbele, ilikuwa mchana, ugali uko motoni. Tulipita kwenye mihogo ile mama mbele, wadogo zangu katikati, mimi nyuma, na hatukusimama mpaka tulipovuka kuingia Zaire. Mama alituacha ugenini, kwa ugonjwa. Tangu hapo nyumba zote nilizokaa na wadogo zangu zimekuwa na njia ya nyuma, na hakuna mgeni aliyewahi kuijua. Koboko yote ni hivyo. Kuna nyumba ngapi pale zisizo na njia kama hiyo? Na nani amewahi kukuonyesha?

Nikazunguka nyuma ya stoo.

Kulikuwa na viazi vitamu. Sisi tunapanda viazi kwenye matuta ya duara, shamba zima. Hivi vilipandwa tuta moja tu, refu, lililonyooka kama kamba, kutoka pembe ya stoo hadi chini ya dirisha la ubavuni la ofisi. Nikachuchumaa, nikafukua kwa vidole. Kulikuwa na mpira wa kumwagilia maji, na ndani ya mpira kulikuwa na kebo ya kijivu. Ilikuwa imelazwa vizuri ajabu. Upande wa stoo iliingia kwenye tundu la ukutani nyuma ya magunia, na upande wa ofisi kwenye tundu la ukutani nyuma ya kabati. Matundu yale niliyaacha mimi, kwa kompyuta ambazo hazikuletwa. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa uzi wa sufu mwekundu.

Nikarudi kwa Sebit.

"Sebit, viazi yako imekomaa?"

"Bado, Sister."

"Nimechimba moja. Iko na waya nane za rangi ndani."

Akakaa juu ya gunia la maharage. Gunia likalia.

"Sister," alisema, "wewe iko mutu wa hapa. Nyumba na mlango moja, hiyo iko nyumba ama iko mtego?"

"Unachomeka lini?"

"Barabara ikifungwa. Risasi ikikata ile ya juu, hii ya chini inabeba majina ya watu. Barabara ikifunguka nachomoa."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Yako wewe, umeambia nani?"

Nikamwambia achomoe, akachomoa, na taa zikatulia palepale. Foleni ikasogea. Nikaenda redioni.

"Mhandisi, nimeipata. Iko ya pili, chini ya viazi. Ova."

"Chini ya nini? Ova."

"Viazi. Ova."

"Ikate! Ikate vipande, uwape watoto wachezee! Ova."

Sasa sikilizeni, vijana, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Fundi mwingine angeikata. Angekuwa sahihi mpaka barabara ifungwe tena.

"Hapana," nilisema. "Nikiikata, watavuta nyingine, na safari hii hawatapanda viazi, watapanda msitu. Na wana haki, Mhandisi. Kebo moja haitoshi hapa. Uliniambia swichi hizi zinaweza kushika njia mbili, moja ifanye kazi, moja ilale. Hizi zetu mbona haziwezi? Ova."

Redio ikakwaruza. "Zinaweza. Nilizima mimi. Watu wa Arua walilalamika kompyuta zinachelewa kuamka asubuhi, nikazima kila mahali, na Koboko pia. Tuwashe. Ova."

Alisema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayekuambia ameacha funguo mezani. Ndiyo maana nilipenda kufanya kazi naye.

Basi tukawasha. Nikaunganisha kompyuta ya mkononi na swichi kwa waya wake mwembamba, na yeye akanisomea amri kwa redio, herufi kwa herufi, nami namrudishia, herufi kwa herufi. Katikati sauti ya mtu tusiyemjua ikaingia kwenye mawimbi: "Hao ni nani wanasoma a-be-che-de saa hizi? Hapa tunatafuta lori, ova!" Mhandisi Owori akamjibu kwamba ni shule ya watu wazima, asubiri darasa liishe. Yule bwana akasubiri kweli. Nadhani alijifunza.

Ukiwasha uwezo huo, swichi huulizana kwanza: mkubwa wetu nani? Wakishampata, kila moja hutafuta njia fupi ya kumfikia, na njia iliyozidi hulazwa. Tahadhari moja: usipowachagulia mkubwa, hujichagulia kwa namba ya kiwandani, na mara nyingi wanampata yule kongwe aliyechoka kuliko wote. Mimi ni kifungua mimba, naruhusiwa kusema: kuzaliwa kwanza hakutoshi, lazima uweze mzigo. Tukaifanya ya ofisi kuwa mkubwa. Matundu ya kompyuta tuliyaruhusu yasingoje asubuhi. Yale mawili ya uzi mwekundu tuliyaacha yangoje, na tukayawekea uzito mkubwa ili njia ya chini ndiyo ilale.

"Sasa chomeka," nikamwambia Sebit. "Na usichomoe tena."

"Hata barabara ikiwa wazi?"

"Hata siku ya Idi."

Akachomeka kama mtu anayeingiza mkono kwenye mzinga. Taa ya tundu lile ikawaka rangi ya chungwa, ikabaki hivyo. Nyingine zikaendelea kupepesa polepole.

"Haiendi kijani," alisema.

"Imelala. Lakini sikio moja iko wazi."

Mwisho wa mwezi Mkurugenzi akaja, na Mhandisi Owori pamoja naye. Barabara ilikuwa wazi, kwa hiyo kila kitu kilifanya kazi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alitazama swichi ya stoo, akatikisa kichwa. "Leo nzima. Ni nzima kila mara tukija," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Nitajua vipi kesho?"

Nilikuwa nimeliwaza swali hilo tangu siku ya viazi.

"Sebit," nikasema, "chomoa ile ya juu."

"Sister?"

"Chomoa."

Ng'ambo ya uwanja, ofisini, karani alikuwa anamwandikisha mama mmoja aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni. Sebit akachomoa. Taa ya kijani ikazima. Ile ya chungwa ikabaki chungwa. Kwenye kioo cha kompyuta ya stoo hakuna jina.

Swichi ikiamka usingizini haikurupuki. Inasikiliza kwanza, halafu inajifunza nani yuko wapi, ndipo inapofungua. Kama nusu dakika. Kwa mtu anayenywa chai si kitu. Kwa sisi tuliosimama pale ilikuwa ndefu kama foleni yenyewe. Mkurugenzi akatazama saa yake. Mhandisi Owori alishika mikono yake nyuma ya mgongo, moja ikiishika nyingine isitoroke. Sebit akanyoosha mkono kurudisha kebo ya juu, nikampiga kofi mkononi.

"Wacha!"

"Imekufa, Sister!"

"Wacha, nimesema!"

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanachomoa, wanachomeka, wanachomoa, na kila mara swichi inaanza upya kusikiliza. Nikaanza kusoma Fatiha moyoni, taratibu, neno kwa neno, nikaimaliza, nikaianza tena. Mlinzi alikuwa mlangoni ametoa kofia. Mpishi alisimama na mwiko mkononi.

Rangi ya chungwa ikawa kijani.

Kijani kikapepesa mara moja, kikapepesa tena, na Sebit akainama kwenye kioo. Halafu akanyanyuka na mwili wake wote, akaenda mlangoni, na yule mpole wa sauti akapiga ukelele uliovuka uwanja mzima:

"Poni! Mama Wani! Poni ya Yei! Kuja, chakula yako iko hapa!"

Mama yule akatoka ofisini, mtoto mgongoni, akaanza kuvuka uwanja. Mkurugenzi alimtazama mpaka alipofika. Kisha akauliza, akinitazama mimi, kwamba hiyo kebo ya pili inapita wapi, kwa sababu kwenye mchoro wa ofisi haipo.

Mlinzi alitazama mawingu. Sebit akaanza kupanga magunia yaliyokuwa yamepangwa.

"Iko, Bwana," nilisema.

"Ndiyo. Lakini inapita wapi?"

"Iko tu."

Akatutazama mmoja mmoja, na pengine katika kazi yake ya kuzunguka nchi za wakimbizi alikuwa amewahi kukutana na watu wa aina yetu, maana hakuuliza mara ya tatu. Alisema ofisi ibaki. Siku ile Mhandisi Owori alikula kuku wawili.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na wadogo zangu walisoma kwa pesa ya waya hizo. Kila nilipokwenda ofisi mpya nilihesabu taa zinazowaka, nikahesabu mashine, na taa ikizidi sikuuliza watu. Nilizunguka nyuma ya jengo nikatazama kilichopandwa. Fanyeni hivyo. Ukikuta njia ya pili, usimkaripie mwenyewe. Ifundishe swichi kuilaza, kisha ifukie vizuri kuliko ulivyoikuta.

Viazi vya Koboko hatukuvichimba kamwe. Vilitambaa, vikaota juu ya wenzao, vikawa ukijani mmoja mrefu toka stoo hadi dirishani. Wafanyakazi wageni waliokuja waliuliza kwa nini viazi vizuri hivyo haviliwi, na Sebit aliwajibu kwa upole wake uleule kwamba ni vichungu.

Ninyi nimewaambia. Mkiulizwa, ni vichungu.